Wiki Tatu Miongoni mwa Sokwe wa Ngamba

“Kwani watoto yatima wa watu wamekwisha?”

Ndivyo alivyotuuliza mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Mwanza, siku tulipowaaga wenzetu na kuwaeleza kwamba tunakwenda Uganda kujitolea katika kituo cha kutunzia sokwe. Wengine walicheka. Yeye hakucheka, wala hakukusudia kutuudhi. Ni mama aliyelea wajukuu wanne baada ya wazazi wao kufariki, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza. Hatukuwa na jibu zuri siku ile. Tulimwahidi tu kwamba tukirudi tutamsimulia.

Sisi ni ndugu wawili, mkubwa na mdogo, na sote tumestaafu. Mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mdogo alikuwa mkunga. Watoto wetu wanajitegemea, na nyumba zetu zimekuwa kimya kuliko tulivyotazamia wakati ule tulipokuwa tukiomba walau siku moja ya utulivu. Aliyetuletea habari za kituo hicho ni binti ya marehemu dada yetu wa katikati, ambaye anasomea udaktari wa mifugo Kampala. Alitupigia simu akasema, “Mama mkubwa, wewe na mama mdogo mna afya na mna nafasi. Kule hawaulizi umri, wanauliza chanjo.”

Kulikuwa na sababu nyingine ya kukubali haraka namna ile, ambayo hatukuwaambia wenzetu wa jumuiya. Tutaieleza mbele ya safari.

Kweli, waliuliza chanjo! Orodha ilikuwa ndefu kuliko ile ya kumpeleka mtoto shule ya bweni: homa ya manjano, homa ya ini, surua, pepopunda, tena cheti cha kuonyesha kwamba hatuna kifua kikuu. Mkunga, aliyewachoma watu sindano kwa miaka 34 bila kusita, aligeuzia uso ukutani zamu yake ilipofika. Jambo la pili lililotushangaza ni fedha. Tulidhani mtu anayejitolea hupewa angalau ugali. Kumbe katika vituo vingi vya aina hii mgeni anayejitolea hulipia chakula na malazi yake, na kinachobaki husaidia kuwalisha wanyama. Tuliuza mbuzi watatu na kuvunja kibubu cha mwalimu. Tunasema haya wazi kwa sababu akina mama wengi watatuuliza, na ni vema mtu ajue kabla hajafunga mizigo.

Njia ya ziwani na barabarani

Tulipanda MV Victoria bandarini Mwanza saa 3 usiku. Mtu wa Kanda ya Ziwa hapandi meli ya Bukoba bila kukumbuka Mei 21, 1996, siku ambayo MV Bukoba ilizama ikija Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Tulikaa kimya mpaka taa za mji zilipofifia, tukasali, tukalala. Asubuhi tulikuwa Bukoba tukinywa chai kwa ndizi za kupika.

Kutoka hapo ni basi. Tulivuka Mto Kagera pale Kyaka, mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja mwaka 1978, na baada ya muda si mrefu tukawa Mutukula, mpakani. Afisa wa afya aliomba kadi za homa ya manjano hata kabla hatujamaliza kumwamkia. Tulibadilisha fedha, na kwa kuwa shilingi ya Uganda ni ndogo kuliko yetu, tukajikuta na bunda nene lililotupa furaha ya uongo kwa muda wa saa mbili hivi.

Ng'ambo ya mpaka, mtu aliyezoea Bukoba haoni ugeni mkubwa. Migomba ni ile ile. Hata senene wanauzwa Masaka kama wanavyouzwa kwetu. Pale Kayabwe, barabara inapokatiza mstari wa Ikweta, vijana wana mabakuli ya maji ya kuwaonyesha wageni jinsi yanavyozunguka kulia upande huu na kushoto upande ule. Mwalimu alitaka kushuka awaeleze kwamba Ikweta haiwezi kufanya hivyo kwenye bakuli, ni ujanja wa kumimina tu. Tulimshika gauni. Watu wana watoto wa kusomesha.

Binti yetu alitupokea Kampala, akatulaza chumbani kwake, yeye akalala sakafuni bila kusikiliza maneno yetu. Kitu kimoja kilitugusa hapo mjini. Wanawake wa rika letu hawapendi kujibu kwa Kiswahili, hata wanaokifahamu. Wengi walikijua zamani kama lugha ya askari, tena ya miaka mibaya. Vijana ni tofauti, na mwaka 2022 serikali ya Uganda iliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Mama mmoja muuza matunda pale Entebbe, baada ya kutupima kwa macho, alituambia, “Mwebale kujja, bannyabo,” yaani asanteni kwa kuja, kisha akamalizia polepole kwa Kiswahili, “Karibuni sana.” Tulimnunulia mananasi mawili tusiyoyahitaji.

Kisiwani

Kisiwa cha Ngamba kiko ndani ya Ziwa Victoria, kilometa 23 hivi kutoka Entebbe. Boti huondoka mapema, kwa maana mchana upepo huamka na ziwa likachafuka. Tulivalishwa majaketi ya kuelea, tukashikana mikono kama wasichana. Katikati ya safari nahodha alipunguza mwendo akatuambia hapo ndipo tunapovuka Ikweta tena, safari hii kurudi upande wetu wa kusini. Tulitazama maji. Hayakuwa na alama yoyote.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Boti ilikuwa bado haijagusa gati, na kutoka msituni ikaanza sauti ya chini, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida, hu, hu, hu, ikapanda, ikajiunga na nyingine, mpaka msitu mzima ukawa unapiga kelele na magogo yakawa yanadundwa kama ngoma. Nywele zilitusimama. Mkunga alishika mkono wa mwalimu kwa nguvu. Sauti ile hatukuwa tumeisikia kwa karibu miaka 60, tena wakati huo ilikuwa ya mmoja tu, mdogo, asiye na wa kumjibu.

Kisiwa chote ni ekari 100 hivi. Binadamu wana pembe ndogo yenye nyumba chache na mahema. Kwingine kote ni msitu wa sokwe, na katikati unapita uzio wa umeme. Palichaguliwa kisiwa kwa sababu sokwe haogelei na huogopa maji mengi. Kituo kilianzishwa Oktoba 1998 kwa sokwe 19; sasa wako karibu 50. Taasisi ya Jane Goodall ni mmoja wa waliokianzisha. Msomaji atakumbuka kwamba mama huyo, aliyefariki Oktoba 1, 2025 akiwa na umri wa miaka 91, alianza kazi yake kwetu, Gombe, mkoani Kigoma, mwezi Julai 1960. Wakuu wa wakati ule hawakutaka msichana akae msituni peke yake, hivyo alikuja na mama yake mzazi, ambaye aliwafungulia wavuvi kazahanati kadogo ka dawa za homa na vidonda. Sisi tulikuwa watoto Kigoma miaka ile. Tulisikia habari za “Mzungu wa nyani,” na watu wazima walitikisa vichwa.

Karibu wote walioko Ngamba walinyang'anywa mikononi mwa wasafirishaji haramu au watu waliowafuga majumbani, wengi wakiwa wametokea upande wa Kongo. Wengine walifika na alama za kamba kiunoni.

Mtunzaji aliyetupokea, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alitupa mabuti ya mpira, ovaroli, glavu na barakoa, akatusomea masharti. Kukanyaga maji ya dawa kila unapoingia na kutoka. Kutokula karibu na uzio. Ukitupiwa jiwe, usilirudishe. Ukikohoa, useme. Na hakuna kumgusa sokwe, hata akinyoosha mkono.

“Hata wadogo?” mkunga aliuliza.

“Hasa wadogo, mama.”

Tulitazamana. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumekuja na ndoto ya kupakata.

Kazi yenyewe ni jikoni. Kila asubuhi tulisimama mbele ya meza ndefu tukikata mapapai, matango, karoti, kabichi, maembe, nyanya chungu, fene, tikiti maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka vidole vikakunjamana. Msitu ule hauwezi kuwalisha sokwe 50, hivyo chakula huletwa kwa boti na kugawanywa mara kadhaa kwa siku. Saa 5 asubuhi na saa 8 na nusu mchana wageni wa siku moja hupanda jukwaani kutazama. Matunda hurushwa juu ya uzio, na hapo utaona tabia zote za harusini. Yupo anayekusanya mpaka kwapani. Yupo anayedaka kwa mkono mmoja na kuomba kwa mwingine. Wako majike wawili wazee waliokaa kando, wakimenya polepole, kila mmoja akiokota nyasi mgongoni mwa mwenzake. Tuliwapenda hao mara moja.

Akili zao si za kubeza. Mwaka 2012 watafiti waliandika juu ya jike wa hapo aitwaye Natasha, aliyewashinda wenzake karibu katika majaribio yote. Alikuwa na desturi ya kurushia uzio matawi ili kujua kama umeme umewaka, na akiona hautoi cheche, anatoka zake. Mwalimu alisema amewahi kumfundisha mwanafunzi wa namna hiyo, na sasa ni mbunge.

Jioni hurudi ndani ya jengo la kulala, wapate uji, wapande kwenye bembea zao au wajitandikie majani makavu. Hapo ndipo mkunga alipopata furaha yake. Aligundua kwamba majike hupewa uzazi wa mpango kwa vijiti vile vile vinavyowekwa chini ya ngozi, ambavyo yeye amewawekea akina mama wasiohesabika. Kituo hakitaki kuzalisha, kwa sababu kila nafasi ni ya yatima mwingine atakayeletwa kesho. “Na wao hulalamika kuumwa kichwa?” aliuliza. Mtunzaji alicheka mpaka akakaa chini.

Sudi

Sasa tueleze lile tulilowaficha wenzetu.

Baba yetu alikuwa karani wa reli Kigoma. Mwaka 1968, mwalimu akiwa na miaka 10 na mkunga 8, mfanyabiashara wa dagaa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika alikuja nyumbani na kikapu, na ndani ya kikapu palikuwa na mtoto wa sokwe. Alisema amemwokota porini, ameachwa na mama yake. Baba alimwonea huruma akamnunua. Hatukumbuki bei. Tunakumbuka vidole. Alimshika mama yetu kwenye kanga asimwachie mpaka usiku, na mama, ambaye alikuwa amekwisha kusema hataki mnyama ndani, alipika ugali kwa mkono mmoja.

Tulimwita Sudi. Tulimvika fulana ya mtoto, tukambeba mgongoni kwa mbeleko, tukamlisha uji na ndizi. Majirani walikuja kumtazama. Watoto wa mtaa mzima walimpakata. Usiku alilala katikati yetu, na akiamka peke yake alilia kwa sauti ile, hu, hu, hu, mpaka mmoja wetu amkumbatie. Tulimpenda, akina mama, hilo hatutakubali mtu alikane. Masika ilipofika nyumba nzima ikaugua mafua, kama kila mwaka. Sudi naye akaanza kukohoa. Mama alimpaka mafuta ya karafuu kifuani. Siku ya 4 alikufa, akiwa amebebwa. Baba alimzika chini ya mwembe nyuma ya nyumba, na watu walisema amekosa hewa ya msituni.

Siku ya pili au ya tatu tulipokuwa Ngamba, tukiosha ndoo, tulimwuliza mtunzaji bila kumweleza sababu: hutokea mtoto wa sokwe akaachwa na mama yake porini?

Hakujibu upesi. Alisuuza ndoo yake, akaiinamisha. Kisha akatueleza, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Mtoto hushikilia tumbo la mama yake miezi ya kwanza, halafu hupanda mgongoni. Hunyonya mpaka karibu miaka 5, na mama hazai mwingine mpaka huyo awe amejiweza. Mama akifa, mara nyingine dada au kaka humchukua mdogo. “Mama, sokwe haachi mtoto. Ukimwona mtoto sokoni, mama yake ameuawa. Na wengine waliojaribu kumtetea.”

Tulimaliza ndoo zilizobaki.

Usiku ule hatukulala mapema. Viboko walikuwa wakila nyasi nje, karibu na mahema, tukawasikia wakipumua. Mkunga alisema, “Baba hakujua.” Mwalimu akasema, “Hakuuliza.” Tukaliacha hapo, maana baba yetu alikuwa mtu mwema, na marehemu hawezi kujitetea.

Siku sita

Siku ya 6 mkunga aliamka pua zikichuruzika. Ilikuwa siku tuliyokuwa tukiingojea kuliko zote, zamu yetu ya kwanza ya kusaidia karibu na jengo la kulala, ambapo tungewaona wadogo kwa hatua chache tu. Hakuwa na homa. Hakuwa na kikohozi. Mafua tu, yale ambayo kila mama hupika nayo, hulima nayo na kwenda nayo kanisani. Barakoa ingeyaficha.

Tunakiri kwamba tulifikiri hivyo. Tulikaa kitandani tukifikiri hivyo kwa muda, na mbele yetu mabuti yamepangwa. Tulihesabu gharama, mbuzi watatu, siku zilizobaki. Mwishowe mkunga alisimama mwenyewe, akaenda mpaka mlango wa jiko, akasimama mbali na kusema kwa sauti, “Kaka, nina mafua.”

Tulitengwa wote wawili, maana tulilala hema moja. Hakuna jikoni, hakuna uzio, hakuna jukwaani, mpaka dalili ziishe na siku za kungojea zipite juu yake. Siku ya kwanza tulinuna waziwazi. Daktari wa wanyama alipokuja kutujulia hali, akiwa amesimama upande wa upepo, mwalimu alimwambia kwamba anaona jambo hili limezidi kidogo.

Daktari hakukasirika. Alitusimulia habari za Kibale, msitu ulioko magharibi ya Uganda. Mwaka 2013 kundi moja la sokwe wa porini, 56 kwa jumla, liliugua kifua. Watano walikufa. Wataalamu walipochunguza maiti ya mtoto wa miaka 2 walikuta kirusi cha mafua ya binadamu, aina ile inayowasumbua watoto wetu mashuleni. Mwili wa sokwe unafanana na wetu kwa kiasi kikubwa, akasema, lakini haukuzoeshwa magonjwa yetu. Kisha, kwa kuwa tulikuwa tumemwambia tumekulia Kigoma, akaongeza kwamba hata Gombe, mwaka 1966, sokwe walipooza kwa polio baada ya ugonjwa huo kuonekana kwa watu wa maeneo yale, na Jane Goodall alilazimika kuwapa chanjo ndani ya ndizi.

Alipoondoka hatukutazamana. Kila mmoja alikuwa anahesabu: fulana ya mtoto, mbeleko, kijiko cha uji tulichokuwa tukikionja kwanza tujue kama kina moto, usiku tatu tukiwa tumelala naye katikati, sote tunapiga chafya. Miaka yote hiyo tulikuwa tukisimulia habari za Sudi kama hadithi tamu ya utoto. Tuliwasimulia watoto wetu. Mkunga amewasimulia akina mama wengi waliokuwa wakisubiri uchungu, ili wacheke.

Siku zile sita tulikaa ufukweni. Ngamba ina ndege wengi ajabu; mnandi hukausha mabawa kwenye mawe, na chozi na kwera hawatulii. Kenge wakubwa walipita karibu na miguu yetu bila kutujali. Mwalimu alisoma. Mkunga hakusoma, alitazama upande wa msitu tu, na sauti zikianza alitega sikio, mpaka ilipofika siku ya 4 akawa anaweza kutofautisha kelele ya chakula na kelele ya ugomvi. Ile ya mtoto anayemtafuta mama aliijua tangu zamani.

Hatuna la kusema zaidi juu ya siku hizo, isipokuwa kwamba zilikuwa sehemu ya kazi kama zilivyokuwa zile za kukata mapapai, na tulizilipia kwa bei ile ile.

Hesabu ya jioni

Tuliporuhusiwa kurudi tulibakiwa na siku 9. Tulipewa kuandika hesabu ya jioni, tukiwa tumesimama mbali, nyuma ya mstari, na barakoa zimekaza. Mtunzaji aliita jina, nasi tukaweka alama. Wengine waliingia mbio kwa ajili ya uji. Wengine walijivuta kama wanaume wanaorudi nyumbani wakijua wamechelewa. Wadogo waliingia wakiwa wamemshika mmoja wa wakubwa, si mama yao, bali jike aliyeamua tu kuwapokea. Kulikuwa na mmoja, hatujui umri wake vizuri, aliyekuwa akisimama mlangoni kila jioni, anageuka kutazama miti, kisha anaingia. Mkunga alimwandikia alama kwa mkono mzito.

Jioni ya mwisho jina moja liliitwa mara tatu na hakuna aliyekuja. Tulidhani watatoka kumtafuta. Mtunzaji alitazama juu, kwenye mti mmoja mrefu karibu na maji, ambapo matawi yalikuwa yakikunjwa na kuvunjwa, moja juu ya jingine. “Anatandika,” alisema. “Leo analala nje. Andikeni: msituni.” Tukaandika.

Asubuhi boti ilitung'oa gatini mapema. Hatukumgusa sokwe hata mmoja kwa wiki tatu.

Tulirudi kwa njia ile ile, Masaka, Mutukula, Bukoba, meli. Wiki iliyofuata tulimtembelea yule mama wa jumuiya nyumbani kwake. Wajukuu walikuwa shule. Tulimsimulia yote, uji, vijiti, mafua, na habari za Sudi tukamweleza kama tulivyoielewa sasa. Alisikiliza huku anachambua mchele, hakutukatiza. Hakurudia lile swali lake, na sisi hatukujidai kwamba tumepata jibu lake. Wajukuu wanne bado wanamhitaji, na ada ya muhula wa pili bado haijatimia.

Tulipomaliza alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ule mwembe bado upo.

Hatujui. Nyumba zile za reli hatujarudi kuziona tangu baba alipohamishwa mwaka 1974.